Kwa nini wanawake ni wachache kwenye foleni ya methadoni

Siku niliyokwenda kliniki, saa moja na nusu asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka kona ya jengo. Vijana wa kandambili, wazee wenye mvi, mmoja kabana kofia ngumu ya bodaboda kwapani, mwingine anasinzia huku amesimama. Dirishani dawa ya maji inapimwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mtu anainywa pale pale mbele ya mhudumu, anashushia maji, anaambiwa aongee kidogo ili ijulikane kuwa amemeza, kisha anashika njia yake. Haichukui hata dakika mbili. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikaitazama foleni ikiyeyuka hadi ikaisha. Wanawake walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na nitamrudia huyo.

Ukiuliza sababu ya uchache huo, jibu la haraka ni kwamba wanawake hawatumii unga, yaani heroini, kama wanaume. Ni kweli, lakini haitoshi. Duniani kote wanaume watumiaji ni wengi zaidi. Hata hivyo ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu imesema kwa miaka sasa kwamba takriban mtumiaji mmoja katika kila watatu ni mwanamke, ilhali katika kila watu watano walio kwenye tiba, mwanamke ni mmoja tu. Kati ya hesabu hizo mbili kuna wanawake waliopotelea njiani. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni Februari 2011, katika miaka ya mwanzo wanawake hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Kwa asiyeijua methadoni: ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini inafanya kazi polepole. Inakaa ubongoni pale pale heroini inapokaa, na dozi moja iliyopimwa vizuri humshikilia mtu siku nzima bila arosto, yaani bila yale maumivu ya mifupa, kuharisha, kutapika, jasho la baridi na kukosa usingizi yanayompata mtu unga ukikatika mwilini. Asiye na arosto anaweza kwenda kazini. Anaweza kulea. Ndiyo maana watu wanapanga foleni kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nimeandika haya kwa sababu ninaamini uraibu ni ugonjwa ule ule kwa mwanamke na kwa mwanamume, ila tiba tuliyonayo imeshonwa kwa kipimo cha mwanamume. Nguo hiyo mwanamke ama inambana ama inampwaya. Naye mwanamume, ambaye ilidhaniwa imemkaa sawasawa, ina mahali inamkwaruza bila yeye kusema.

Mwili

Tuanze na pombe, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi ya vyote. Chukua mwanamume na mwanamke wenye uzito sawa, wape glasi moja moja ya kinywaji kile kile. Mwanamke atakuwa na pombe nyingi zaidi katika damu. Mwili wake una maji machache na mafuta mengi zaidi kwa uwiano, na pombe huchanganyika na maji, si mafuta. Tena kile kimeng'enya cha tumboni kinachoanza kuivunja pombe kabla haijafika kwenye damu, kwa wanawake wengi ni kidogo. Kwa hiyo ini lake huharibika mapema, kwa kiasi kidogo cha pombe na kwa miaka michache kuliko la mwanamume. Wale wanaosema "mimi nakunywa na mume wangu, tunalingana glasi kwa glasi" hawajui kwamba hawalingani.

Watafiti waliona jambo jingine linalofanana na hilo. Mwanamke akichelewa kuanza, akija kuanza hukimbia. Safari ambayo mwanamume hutumia miaka mingi, kutoka glasi ya kwanza au kete ya kwanza ya unga hadi kushindwa kabisa kujizuia, yeye huimaliza kwa muda mfupi. Wameifananisha na ile darubini ya zamani ya mabaharia: ukiikunja, bomba refu linaingia ndani ya jingine, inakuwa fupi, ila vipande vyote vimo. Picha hii inaonekana waziwazi zaidi kwa wanawake wanaofika hospitali kuliko kwa wanawake wote wa mtaani, kwa hiyo isichukuliwe kuwa sheria ya maumbile. Lakini wanaofanya kazi kliniki wanaijua: mwanamke anakuja na miaka minne ya matumizi, na mwili wake unasimulia kumi.

Homoni nazo zimo. Estrojeni, homoni ya kike, huchochea mfumo ule ule wa dopamini, kemikali ya raha ubongoni, ambao kokeini na dawa nyingine za kusisimua huuteka, ndiyo maana katika siku za mwanzo za mzunguko wa mwezi baadhi ya wanawake huhisi dawa hizo zimewakolea zaidi. Hata nikotini mwili wa mwanamke huivunja haraka zaidi, hasa akiwa mjamzito au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, na plasta za nikotini za kumsaidia mtu aache sigara huwa hazimsaidii kama zinavyomsaidia mwanamume. Na tukiwa hapo kwenye tumbaku: pwani yetu ina bibi na mama wengi ambao hawajawahi kugusa sigara, lakini tambuu haitoki kinywani. Jani, chokaa, popoo na kipande cha tumbaku ndani yake. Ukimnyima siku moja, kichwa kinamuuma na nyumba nzima inajua. Hakuna anayeuita uraibu, kwa sababu ni wa wanawake watu wazima, unafanyika barazani kwa heshima. Popoo imeshatangazwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani, tangu 2004.

Mambo haya yamechelewa kujulikana, na sababu ipo. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa mpya. Nia ilikuwa kulinda watoto walio tumboni. Matokeo yake, kwa miaka 16 dawa nyingi zilipimwa kwenye miili ya wanaume, kisha zikapewa watu wote. Mwelekeo ulibadilishwa 1993. Dozi, ratiba na maelezo mengi tuliyorithi huku kwetu yana alama ya miaka hiyo.

Ila jambo la mwili ambalo ningependa kila mhudumu wa afya alijue ni la hedhi. Mwanamke anayetumia heroini kwa muda mrefu mara nyingi hedhi yake huvurugika au hukatika kabisa. Miezi inapita, mwaka unapita, haoni kitu. Anajiambia: mimi sizai tena. Anaacha kufikiria mimba. Kisha anaingia kwenye methadoni, anaanza kula, analala usiku, mwili unatulia, na mzunguko unarudi kimya kimya. Yai hutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Kwa hiyo anaweza kushika mimba kabla hajajua kwamba uwezo umerudi. Akianza kutapika asubuhi anadhani ni arosto, anaomba aongezwe dozi. Akijulikana ana mimba ya miezi mitano, anaulizwa kwa ukali, "Wewe katika hali hii ulikuwa unatafuta nini?" Hakuwa anatafuta kitu. Hakuna aliyemwambia siku ya kwanza kwamba tiba hii itamrudishia na uzazi wake, na kwamba akitaka kuchelewesha, huduma ya uzazi wa mpango ipo. Sentensi mbili tu zingetosha.

Na akishakuwa na mimba, huruma ya watu humponza. Ndugu watamwambia aache methadoni haraka ili mtoto asidhurike. Ni kinyume chake. Kukatisha ghafla heroini au methadoni wakati wa ujauzito kunaweza kumsukuma kwenye kuharibika kwa mimba au uchungu wa kabla ya wakati, na mara nyingi kunamrudisha kwenye unga wa mtaani usiojulikana umechanganywa na nini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 uko wazi: mjamzito mwenye uraibu wa heroini aendelee na tiba. Tena miezi ya mwisho mwili wake huitoa dawa haraka, kwa hiyo dozi iliyomtosha zamani inaweza isimfikishe kesho yake. Akiomba iongezwe si kwamba amerudia ulevi.

Mtoto akizaliwa anaweza kutetemeka, kulia kilio chembamba kisichonyamaza, kunyonya kwa shida. Inatisha kuona. Ni arosto ya kichanga, inatibika, na kinachomtuliza sana ni kifua cha mama yake: ngozi kwa ngozi, chumba chenye mwanga hafifu, na maziwa. Kiasi cha methadoni kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, na mama aliyetulia kwenye tiba huhimizwa anyonyeshe. Mtoto huyo hajazaliwa "teja". Naliandika neno hilo kwa sababu nimelisikia likisemwa wodini, mbele ya mama, akiwa bado anavuja damu ya uzazi.

Nani alikupa ya kwanza

Waulize wanaume wa maskani, vile vijiwe vya watumiaji, walianzaje, wengi watakupa hadithi ya marafiki. Mchezo, ubishi, wenzako wanavuta kokteli ya bangi na unga, nawe hutaki kuonekana mwoga. Wengine walianza bandarini, wengine kwenye meli. Pwani ya Afrika Mashariki iko kwenye njia ya majahazi yanayoshusha heroini kutoka upande wa Makran, mpakani mwa Pakistani na Irani, na mahali mzigo unapopita, sehemu yake humwagika.

Waulize wanawake. Sehemu kubwa watakutajia mwanamume mmoja. Alikuwa bwana wake, au mumewe, au yule aliyemtoa kijijini akamwambia kuna kazi ya ndani mjini. Yeye ndiye aliyekuwa na unga, yeye ndiye aliyeutayarisha, yeye ndiye aliyejidunga kwanza. Kisha akamdunga mwanamke kwa bomba lile lile. Hii si hadithi ya pwani yetu peke yake. Imeandikwa katika nchi nyingi. Mwanamke huwa wa pili kwenye sindano, na wa pili ndiye anayepokea damu ya wa kwanza. Hapo hapo ndiye anayebeba jukumu la kutafuta hela ya kete za watu wawili, mara nyingi kwa kuuza mwili, na mteja anayekataa kondomu humkuta ana arosto, hana uwezo wa kubishana. Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko maambukizi ya VVU yamekuwa makubwa zaidi kwa wanawake wanaojidunga kuliko kwa wanaume wanaojidunga. Ukiangalia njia iliyowapitisha huwezi kushangaa.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliripoti jambo ambalo kila ninapolisoma nanyamaza kidogo. Walikuta wanawake wanaojidunga ambao mmoja akishapata dawa yake, huvuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake aliyekosa hela, ili ajidunge nayo, kwa kuamini kwamba ndani ya damu hiyo kuna masalia ya kutuliza arosto. Dawa iliyomo humo ni kidogo mno kuweza kutuliza kitu. Kilichomo ni VVU na homa ya ini. Waliosikia habari hii walisema ni ukatili wa mateja. Mimi naona wanawake waliokuwa wakipeana kitu cha mwisho walichonacho. Huo ndio uliokuwa msaada wao kwa wao, kwa sababu hapakuwa na msaada mwingine uliowafikia.

Namna mtu alivyoingia inaamua atakavyotoka. Mwanamume mraibu aliyeoa, mara nyingi mke wake hatumii. Ndiye anayempeleka hospitali, anamvizia asubuhi, anaficha hela, anampigia simu shemeji. Mwanamke mraibu, mara nyingi bwana wake anatumia. Akitaka kuacha peke yake, anarudi kulala chumba kimoja na mtu anayechemsha unga kwenye kijiko. Akimwacha bwana, anapoteza paa. Kwa hiyo ukimtibu mwanamke bila kuuliza "na huyo unayeishi naye?", umemtibu nusu. Wapo wanaoingizwa kwenye tiba wawili kwa pamoja, na inasaidia, mradi mmoja asigeuke mlinzi wa mwenzake. Wapo ambao usalama wao uko katika kuondoka. Mshauri nasaha makini hutenganisha mambo hayo kwanza, tena huongea na kila mmoja peke yake.

Halafu kuna ukatili wa zamani. Kwa wanawake wengi walio kwenye tiba, dawa ilikuja baada ya jeraha: kubakwa, kupigwa, kuozeshwa wakiwa watoto. Unga hutuliza kumbukumbu vizuri mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Siku akiacha, kumbukumbu zinarudi zote kwa pamoja, usiku, akiwa hana kinga. Watu wanadhani amerudia kwa sababu ya tamaa.

Lakini hapa nataka kumsemea mwanamume, kwa kuwa hakuna anayemuuliza. Utafiti wa miaka ya mwanzo ya kliniki ya Muhimbili ulionyesha kwamba waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni walikuwa wepesi zaidi kuacha tiba. Kumbuka foleni ile ilikuwa ya wanaume karibu yote. Kwa hiyo mle ndani walikuwemo wavulana waliotendewa, wakakua, wakaficha. Mwanamke akifika kliniki kuna fomu na mtu wa kumuuliza habari za ukatili, japo kwa haraka. Mwanamume anaulizwa dozi na namba ya simu ya ndugu. Tumemfundisha tangu mdogo kujikaza kisabuni, na amejikaza hadi amefika hapo.

Gharama ya kutoka

Siku za Jumapili kwenye soba za wanaume, zile nyumba za kulala watu wanaoacha ulevi, kuna wageni. Nimeona mama kapanda daladala mbili na hotipoti ya pilau mapajani, dada kaleta shati lililopigwa pasi, baba mdogo kaja kutazama kama kijana kanenepa. Mwanamume akikaa miezi yake minne mitano akarudi nyumbani, kuna dua, kuna watu wanasema ametubu, pengine atatafutiwa kazi, atatafutiwa na mke ili atulie. Aliyoyafanya yanaitwa ujana.

Mwanamke aliyefanya hayo hayo hayaitwi ujana. Yeye ameitia aibu nyumba. Soba za wanawake ni chache, na hata zilizopo zina Jumapili za kimya. Nilimuuliza msimamizi mmoja wa soba ya wanawake wageni wanakuja saa ngapi. Akaniambia, "Dada, wakija tutafurahi."

Hilo ndilo linalomfanya mwanamke achelewe kusema nimeshindwa. Mwanamume akikiri, hupoteza heshima kidogo, kisha hujengewa nyingine. Mwanamke akikiri, kitu cha kwanza kinachotajwa ni watoto. Watoto watachukuliwa na upande wa baba, au wakwe, au ustawi wa jamii. Kwa hiyo anaficha. Anavuta badala ya kujidunga, asiwe na alama mikononi. Anavaa mikono mirefu, baibui inamsitiri. Anatumia nyumbani, si maskani, ndiyo maana hata waelimishaji rika wanaozunguka maskani kutafuta watumiaji hawamkuti. Na soba inamtaka alale ndani miezi mitatu hadi sita. Watoto wabaki na nani? Mwanamume hajiulizi swali hili, kwa sababu jibu lake liko nyumbani linapika.

Wapo pia wanawake wa gongo na chang'aa, ambao sheria na majirani wanawajua kama wapishi na wauzaji tu. Mpishi lazima aonje. Anaonja kila pipa, kila siku, na mteja akisema "mama onja kwanza" anaonja tena. Polisi wakija wanakamata mitungi. Hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe anakunywa kiasi gani, na akitaka kuacha pombe, lazima aache na kazi inayolipa ada ya shule.

Upande wa wanaume, gharama iko mwishoni zaidi kuliko mwanzoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na milioni 2 kati yao walikuwa wanaume. Wao ndio wanaokufa zaidi kwa kuzidisha dozi, ndio wanaojazana rumande na magerezani. Mtu akitoka jela au soba akiwa safi, mwili wake umesahau kiwango cha zamani. Akirudi maskani siku ile ile akachukua kete zile zile alizokuwa akichukua, anaweza kufa sindano ikiwa bado mkononi. Kila mwenye ndugu anayetoka ndani inafaa alijue hili kabla ya kumchinjia kuku.

Hata kurudia kwenyewe hakufanani. Wanaume wengi hurudia wakiwa na watu: mshahara umeingia, rafiki wa zamani amekuja, timu imeshinda, "moja tu". Wanawake wengi hurudia wakiwa peke yao, baada ya ugomvi au usiku wa huzuni. Ukimfundisha mwanamke namna ya kuwakwepa marafiki wa maskani, ambao hana, umempa kinga ya ugonjwa wa mtu mwingine. Ukimfundisha mwanamume kupumua na kuandika hisia zake, bila kumwambia asitembee na mshahara wote mfukoni tarehe ya kulipwa, naye umemwacha wazi.

Kuna mjadala mkongwe unaohusu vikundi vya kusaidiana. Njia ya hatua 12 ilianzishwa na wanaume wawili walevi waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935, na leo ndiyo inayofuatwa katika soba nyingi za Zanzibar, Bara na Mombasa. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba huna nguvu mbele ya kilevi. Kwa mwanamume aliyelelewa kuamini anaweza kila kitu, kukiri huko kunamfungua. Mwaka 1975 Jean Kirkpatrick, Mmarekani aliyekuwa amepambana na pombe miaka mingi, alianzisha chama cha wanawake kwa hoja kwamba mwanamke hahitaji kuambiwa tena kwamba hana nguvu. Ameambiwa hivyo tangu azaliwe. Yeye anahitaji kuanza kwa kujua anaweza. Naona hoja yake ina uzito mkubwa. Ila nimewajua wanawake ambao hatua 12 ziliwashika mkono hadi leo, na wote walikuwa katika kikundi cha wanawake watupu, ambako mtu anaweza kusimulia alichofanyiwa na mwanamume bila wanaume kumi kumtazama. Nadhani kilichowasaidia ni chumba kuliko maneno ya hatua.

Kwa maana mwanamke akishafika na kubaki, hafanyi vibaya. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba wanawake wakiingia kwenye tiba hupata nafuu sawa na wanaume, na wakati mwingine kuwazidi. Tatizo liko mlangoni. Na mlango unarekebishika kwa vitu vya kawaida sana: saa maalumu ya wanawake, ili asisimame foleni moja na yule aliyekuwa akimuuza, chumba cha watoto na mtu wa kuwaangalia, uzazi wa mpango, kliniki ya wajawazito, dawa za VVU na methadoni chini ya paa moja, mhudumu wa kike anayejua kwamba rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za zamani za VVU humaliza methadoni mwilini haraka, asije akamwita mwongo mtu anayesema dozi haimfikishi. Muhimbili ilifungua mlango, vikafuata vituo vingine vya Bara, Zanzibar ikaja na hospitali ya Kidongo Chekundu, na Kenya ikaanza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Watu wa kuifanya kazi hii wapo na wanajua.

Sasa yule mwenye mtoto mgongoni. Zamu yake ilipofika, mhudumu alitazama daftari akamwambia hakuonekana siku mbili. Kuna kanuni: ukikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa na unaanza kupanda upya, kwa sababu mwili umelegea na dozi ya zamani inaweza kukuua. Ni kanuni nzuri, inaokoa maisha. Mwanamke akasema mtoto alikuwa na homa, alimpeleka zahanati ya kwao, foleni ikawa ndefu, dirisha la huku likafungwa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Mhudumu hakumfokea. Aliuliza umri wa mtoto, akaandika kitu kwenye daftari, akampa dozi yake, akamwambia, "Kesho usikose, mama. Siku ya tatu nitashindwa kukusaidia."

Akanywa, akashushia maji, akasema asante ili ijulikane amemeza. Kisha akauliza kliniki ya watoto iko wapi. Akaelekezwa upande wa pili wa hospitali, jengo la mwisho, achukue namba kwanza. Akamvuta mtoto juu mgongoni, akakaza kanga, akaenda kupanga foleni ya pili.